Seli nyekundu ya damu haina kiini: ni yukarioti kweli?

Swali: Tumefundishwa kuwa seli za yukarioti ndizo zenye kiini. Mbona seli nyekundu za damu ya binadamu hazina? (Mwanafunzi wa kidato cha tatu)

Jibu: Umeuliza jambo ambalo vitabu vingi hulipita haraka mno. Seli hiyo huzaliwa ndani ya uboho wa mifupa ikiwa na kiini kamili. Inapokaribia kukomaa hukisukuma nje, kisha hupoteza pia mitokondria na ribosomu. Nafasi yote inayobaki hujaa himoglobini, protini inayobeba oksijeni. Na kwa kuwa haina mitokondria, haigusi oksijeni inayoisafirisha. Hupata nishati kwa kuvunja glukosi bila oksijeni. Gharama ya kupoteza kiini ni kubwa: bila DNA haiwezi kugawanyika wala kutengeneza protini mpya, hivyo huishi siku 120 hivi, halafu huondolewa kwenye bandama na ini.

Basi ni yukarioti kwa asili. Mkiwa na hadubini shuleni, mwombeni mwalimu wenu mtazame damu ya kuku: seli zake nyekundu zina umbo la yai, na kiini mtakiona katikati.