Marekani mwalimu anasamehewa mkopo, ila soma masharti

Juzi bumu lilipochelewa, stori za chumbani zikahamia kwenye deni lenyewe. Sisi wa ualimu tunajua: ukipata ajira, asilimia 15 ya mshahara wa msingi inakwenda Bodi ya Mikopo. Mwenzangu akasema, "Marekani mwalimu wa serikali anasamehewa bwana!"

Ni kweli. Sheria yao ni ya 2007. Ukifanya kazi ya muda wote serikalini au kwenye shirika lisilo la faida, ukalipa marejesho 120, yaani miaka 10, salio linafutwa. Ila lazima ulipe kwa mpango unaofuata kipato. Ukilipa kwa ule wa kawaida wa miaka 10, deni linaisha lenyewe, sasa usamehewe nini?

Maombi ya kwanza yalianza kupokelewa 2017, na karibu asilimia 99 yakakataliwa. Wengine fomu zilikuwa na kasoro, wengine marejesho hayajafika 120. Walioniuma ni wale ambao mkopo wao ulitoka benki kwa dhamana ya serikali. Walilipa miaka na miaka, wakiwa kazini, na yote ikahesabiwa sifuri, kwa sababu walitakiwa kwanza kuuhamishia kwenye mkopo wa serikali moja kwa moja. Oktoba 2021 masharti yakalegezwa kwa mwaka mmoja, wengi wakapona hapo.

Mimi mkataba wangu niliusaini bila kufika ukurasa wa pili. Jana usiku nimeutoa chini ya godoro.