Mikono Inatetemeka, Mgonjwa Anasubiri

Baadhi yenu mmeshaamua: mkimaliza Kidato cha Nne, mnakwenda kusomea uuguzi. Safi sana! Basi leo tuongee kitu ambacho hakiandikwi kwenye fomu ya kujiunga na chuo: hofu ya mtihani wa vitendo.

Mtihani wenyewe ukoje?

Unaingia chumba chenye vituo. Kengele ikilia unaanza. Dakika chache baadaye inalia tena, unahama. Hapa unapima presha, pale unafunga kidonda, kule unaongea na mtu aliyefundishwa kuigiza mgonjwa. Msimamizi yuko pembeni, kimya, anaweka vema kwenye orodha yake. Mtindo huu ulielezwa na Ronald Harden na wenzake huko Dundee, Uskoti, mwaka 1975, ili wanafunzi wote wapimwe kwa kazi zilezile.

Yaliyonikuta

Mimi nilisomea uuguzi chuo kikuu. Usiku wa kuamkia mtihani nilikesha nikipiga msuli, asubuhi sikula kitu. Kwenye kituo cha sindano nilisoma jina la dawa mara tatu bila kuelewa. Mikono ikatetemeka hadi sindano ikaanguka sakafuni. Unajua nilifanya nini? Nikaiokota, nikataka kuendelea nayo! Nilipata sapu, na niliistahili. Angekuwa mgonjwa wa kweli, ningemwingizia vijidudu mwilini.

Kwa nini mwili unafanya hivyo?

Ubongo ukihisi hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini kwenye damu. Moyo unakwenda mbio, pumzi zinakuwa fupi, viganja vinatoka jasho. Mwili unajiandaa kupigana au kukimbia, wakati chumbani hakuna simba! Hofu kidogo inakuamsha. Ikizidi, hata ulichokijua jana hukipati.

Ufanyeje?

1. Zoeza mikono, siyo macho tu. Mimi nilikariri hatua zote, lakini nilikuwa nimezifanya mara mbili tu. Kaeni watatu: mmoja muuguzi, mmoja mgonjwa, mmoja msimamizi mwenye saa. Kisha badilishaneni.

2. Lala na kula. Kumbukumbu hujipanga usingizini. Kahawa nyingi huongeza kutetemeka.

3. Ukiwa mlangoni, pumua. Vuta pumzi ukihesabu hadi nne, itoe taratibu ukihesabu hadi sita. Rudia mara tano.

4. Ukikwama, rudi mwanzo: salimia, jitambulishe, hakikisha jina la mgonjwa, eleza unachotaka kufanya, omba ridhaa, nawa mikono. Hatua hizi zinahitajika karibu kila kituo chenye mgonjwa, na zikianza, nyingine hufuata.

5. Ukikosea, sema: "Hii imechafuka, nachukua nyingine." Kosa lililosemwa hurekebishwa. Lililofichwa ndilo linaloumiza mgonjwa.

6. Kengele ikilia, kituo kimekwisha. Usikibebe kwenda kinachofuata.

Angalia sana!

Usimeze vidonge vya "kutuliza" anavyokupa rafiki. Propranolol, kwa mfano, hupunguza mapigo ya moyo, lakini inaweza kumbana pumzi vibaya mwenye pumu. Kama hofu inakunyima usingizi siku nyingi au inakufanya ukimbie masomo, usione aibu. Mweleze mlezi wa wanafunzi, au nenda kituo cha afya.

Na wewe ambaye bado uko sekondari, usingoje chuo. Praktiko ya kemia inatosha kuanzia.

Mimi je? Nilirudia mtihani. Mikono ilitetemeka tena, ila safari hii nilisimama kidogo, nikapumua, nikamsalimia mgonjwa. Nikafaulu.

Jipime

1. Adrenalini hutoka wapi, na hufanya nini mwilini?
2. Umeangusha kifaa safi mbele ya msimamizi. Utasema nini?
3. Chagua praktiko moja mnayoiogopa darasani. Ifanyeni watatu watatu wiki hii, kwa saa.