SOMO: BUNDUKI HAINA RAFIKI

Ndugu wasomaji, mahindi yakikomaa, nguruwe nao wako macho. Baadhi yetu tunalinda mashamba kwa gobore au bunduki ya marisau. Lakini bunduki haimjui nguruwe wala mtoto wa jirani. Basi tujifunze.

1. Kila bunduki tuihesabu kuwa ina risasi. Mtu akisema, "Hiyo haina kitu," tusimwamini. Bunduki ya marisau tuifungue, tuangalie wenyewe. Gobore halifunguki. Kwa hiyo, siku likiwa tupu, tutumbukize ufito wa kushindilia mpaka mwisho, tuuwekee alama penye mdomo wa mtutu. Siku nyingine tuondoe fataki kwanza, tuupime tena. Alama ikibaki juu, ndani mna kitu.

2. Mtutu usimwelekee mtu, hata kwa mchezo. Kabla ya kupanda dungu au kuruka mfereji, tutoe risasi. Kwenye gobore tuondoe fataki.

3. Kidole kikae mbali na kifyatulio mpaka wakati wa kupiga.

4. Tujue tunachopiga, na kilicho nyuma yake. Usiku mahindi yanatikisika. Je, ni nguruwe? Huenda ni jirani anatafuta mbuzi wake! Tusipige mtikisiko, wala sauti. Kama hatuoni vizuri, tupige debe na makelele. Nguruwe akitoroka, kesho atarudi. Mtu akifa, harudi.

5. Fataki ikilia na baruti isiwake, tusichungulie mtutu. Inaweza kuwaka baadaye. Tuuelekeze pasipo na watu, tuhesabu polepole mpaka 60.

6. Nyumbani bunduki ikae tupu, ndani ya sanduku lenye kufuli. Risasi na baruti zikae mahali pengine, mbali na moto na watoto. Na jamani, aliyekunywa pombe asiguse bunduki.

Hapa Tanzania, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka kila mwenye bunduki awe na leseni. Gobore nalo ni bunduki. Likipotea, tutoe habari polisi mara moja.

MASWALI

1. Tutajuaje kama gobore lina kitu ndani?
2. Mahindi yakitikisika usiku, tufanye nini?
3. Bunduki ya nyumbani kwako inakaa wapi? Nani anaweza kuifikia?

Tusome somo hili pamoja na vijana wetu wanaolinda mashamba.