Dondoo muhimu: Kuzungumzia haki kwa Kiingereza

Neno "haki" la Kiswahili hubeba mizigo miwili ambayo Kiingereza huitenganisha. Stahili ya mtu ni "right". Uadilifu, hasa wa mahakama, ni "justice". Mfanyakazi anayedai mshahara wake anadai "right", ilhali ndugu wa marehemu wanaotaka muuaji ahukumiwe wanataka "justice". Hapo ndipo wengi hujikwaa.

Vitenzi navyo vina wenzi wao. Kutumia haki, mathalani ya kupiga kura, ni "exercise a right". "Use" inaeleweka, ila katika maandishi rasmi inapwaya. Kuiacha kwa hiari ni "waive". Kuikiuka ni "violate" au "infringe": la kwanza ni zito zaidi na ndilo lililozoeleka kwenye haki za binadamu, la pili husikika sana kwenye kesi za hakimiliki. Aliyenyimwa haki husemwa "was denied".

Vihusishi havibadilishani ovyo. "To" hutangulia kile mtu anachostahili, kama "right to education" au "right to vote", mpangilio uliojaa katika Tamko la Kimataifa la Haki za Binadamu la mwaka 1948. "Of" humtaja mwenye haki: "rights of the child".

Kosa dogo lenye aibu kubwa ni kuchanganya "you are right" na "you have a right". La kwanza halihusu haki kabisa. Maana yake ni "umesema kweli".