Mkutano usio na ajenda

SWALI: Tumealikwa kwenye mkutano ambao ajenda itapangwa na washiriki palepale. Si vurugu hiyo?

JIBU: Usomeni mkutano huo jinsi msanifu majengo Christopher Alexander alivyosoma miji. Kitabu chake cha 1977, A Pattern Language, kina ruwaza 253. Kila moja ni tatizo linalojirudia pamoja na suluhisho lake, nazo huegemeana. Katika mikutano ya aina hiyo, aliyoianzisha Harrison Owen, Marekani, miaka ya 1980, ruwaza ni chache: watu huketi duara, mwenye hoja huibandika ukutani, na asiyejifunza wala kuchangia huhamia kundi jingine. Hiyo ya mwisho ndiyo injini: mpayukaji hubaki akihutubia viti. Bila ruhusa ya kuhama, duara ni pambo tu. Bosi wenu akiikataa, andaeni ajenda ya kawaida.