Kansa ya Ngozi: Tazama Nyayo Zako

Siku hizi kompyuta hufundishwa kutambua kansa ya ngozi kwa picha. Ufundi huo huitwa akili mnemba. Mwaka 2017 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitangaza kompyuta iliyofundishwa kwa picha 129,450. Ilipojaribiwa, ililingana na madaktari wa ngozi.

Lakini mashine hujua kile ilichoonyeshwa tu. Picha nyingi za kufundishia mashine za namna hii ni za ngozi nyeupe. Kwetu watu weusi, kansa iitwayo melanoma hutokea zaidi kwenye unyayo, kiganja au chini ya ukucha. Mvuvi au mkulima hudhani amechomwa na mwiba.

Basi fanya hivi:

1. Kila mwezi osha miguu, tazama nyayo na kucha.

2. Ukiona doa jeusi linalokua, au kidonda kisichopona kwa majuma manne, nenda zahanati. Usikate kwa wembe. Ikihitajika utapewa rufaa; Mwanza tunayo Hospitali ya Bugando.

3. Mwenye ualbino ajikinge na jua kwa kofia pana na nguo za mikono mirefu, apimwe ngozi mara kwa mara.

Kansa ikigunduliwa mapema, huweza kukatwa na mtu akapona.

Swali la kikundi: Kwa nini tusingoje maumivu ndipo twende zahanati?