Dubai Ilipewa Muda, Mdeni wa Bwera Hakupewa



Likizo iliyopita, baada ya swala ya Ijumaa huko Bwera, mzee mmoja alinishika mkono nje ya msikiti akatoa bahasha kwenye mfuko wa kanzu yake. Ndani mlikuwa na karatasi mbili. Moja ilikuwa nakala ya mkataba wa kazi wa mwanawe, ambaye tayari alikuwa ameondoka kwenda Dubai. Ya pili ilikuwa hati ya mkopo yenye alama ya dole gumba la mzee mwenyewe, na shamba lake la kahawa limewekwa rehani. Akaniambia, "Mwanangu, wewe uko chuo. Nisomee hizi, unieleze nimekubali nini."

Alikuwa ameshakubali. Ndicho kilichonifanya niandike somo hili.

Sote tunaijua Dubai kwa macho. Picha zake zimo katika simu zetu, na bidhaa zake zimo madukani mwetu kuanzia Kasese mjini hadi soko la Mpondwe, ambako zinavuka kwenda Kasindi na Beni. Wengi wetu tukitajiwa mji ule tunakimbilia Hadithi ya Jibril, pale Mtume (s.a.w.) alipotaja miongoni mwa dalili za Kiama wachungaji maskini watakaoshindana kwa majengo marefu. Hadithi ni sahihi, imo katika mkusanyiko wa Imam Muslim. Lakini naogopa tumeifanya kuwa njia rahisi ya kuwasema watu wa mbali na kuacha swali linalotuhusu sisi: nani alilipia haraka ile?

Tuanze na mji wenyewe. Mwaka 1960 Dubai ilikuwa na watu wapatao 40,000, wakiishi kando ya hori la bahari, baada ya biashara ya lulu kuvunjika katika miaka ya 1930. Sheikh Rashid bin Saeed Al Maktoum, aliyetawala kuanzia 1958 hadi 1990, alichimbisha hori lile ili majahazi na meli ziingie, na fedha za kazi hiyo zilikuwa za kukopa, mkopo kutoka Kuwait. Mafuta yaligunduliwa mwaka 1966, ila hayakuwa mengi kama ya jirani yake Abu Dhabi, na wakubwa wa Dubai walijua yataisha. Wakaharakisha: bandari ya Jebel Ali mwaka 1979, eneo huru la biashara pale pale mwaka 1985, na mwaka huo huo shirika la ndege la Emirates. Kuanzia 2002 wageni wakaruhusiwa kununua nyumba zikawa mali yao. Hapo ndipo mashine za ujenzi zilipojaa jangwani na visiwa vikamwagwa baharini kwa mchanga. Leo mji una watu zaidi ya milioni tatu.

Kasi ya namna hiyo inataka vitu viwili, fedha ambazo mtu hana na mikono ambayo mtu hana. Fedha Dubai ilikopa. Mikono iliiagiza kutoka India, Pakistan, Bangladesh, Nepal, Ufilipino, na baadaye kutoka kwetu. Ninachotaka tukitazame ni kwamba hata ile mikono ilikuja na mikopo yake. Kwa hiyo mji ule una madeni ya aina mbili, la juu na la chini, na yalipoiva hayakutendewa sawa.

Deni la juu liliiva tarehe 25 Novemba 2009, siku mbili kabla ya Idd el-Adhha. Dubai World, kampuni kubwa ya serikali, ilitangaza kwamba inaomba wadai wake wasubiri hadi mwisho wa Mei 2010. Deni lililohusika lilikuwa kama dola bilioni 26. Kampuni yake tanzu ya Nakheel, iliyojenga kisiwa chenye umbo la mtende, ilikuwa na sukuk za dola bilioni 3.5 za kulipwa tarehe 14 Desemba. Wanaosoma benki za Kiislamu watakumbuka mtikisiko huo, kwa sababu watu walikuwa wakidhani jina la sukuk peke yake ni kinga. Asubuhi ya tarehe hiyo hiyo ya 14 Desemba, Abu Dhabi ikatoa dola bilioni 10, na sukuk zikalipwa. Wiki tatu baadaye, tarehe 4 Januari 2010, jengo refu kuliko yote duniani, mita 828, lilizinduliwa. Kwa miaka yote ya ujenzi liliitwa Burj Dubai. Usiku ule likaitwa Burj Khalifa, kwa jina la mtawala wa Abu Dhabi. Mwaka huo huo mabenki yakakubali madeni ya Dubai World yapangwe upya, yalipwe polepole kwa miaka 5 na miaka 8.

Sisemi kwamba hilo lilikuwa kosa. Suratul Baqarah, aya ya 280, inamwagiza mdai ampe muda mdeni aliye katika dhiki, na inamweleza kwamba kusamehe ni bora zaidi kwake. Dubai ilipewa muda, na ikainuka.

Sasa tushuke kwenye deni la chini, na tupige hesabu kama tunavyofundishwa darasani. Namba hizi ni za mfano, si za yule mzee. Kijana anataka kwenda kyeyo. Wakala anataka fedha za pasipoti, vipimo vya hospitali, tiketi na "huduma". Jumla shilingi milioni 5. Nyumbani hazipo, kwa hiyo anakopa kwa mkopeshaji wa kijijini kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Kazini analipwa dirhamu 1,000. Dirhamu moja huzunguka kwenye shilingi elfu moja za kwetu, basi ni shilingi milioni moja hivi. Akila kwa kujibana na kununua vocha ya simu, anaweza kutuma 650,000.

Mwezi wa kwanza riba ni 500,000. Katika 650,000 alizotuma, ni 150,000 tu zinazopunguza deni. Akiendelea hivyo bila kuumwa na bila kukosa hata mwezi mmoja, atamaliza deni katika mwezi wa 16. Mkataba ni wa miaka miwili. Maana yake, miezi 15 ya jasho lake ni ya mkopeshaji, na kinachobaki ndicho cha mama, nyumba, na ada ya wadogo zake.

Lakini sasa mcheleweshe mshahara wa miezi mitatu ya mwanzo, jambo ambalo wafanyakazi wa ujenzi wa Ghuba wamelilalamikia kwa miaka mingi. Miezi mitatu bila malipo, deni limefika 6,655,000. Riba ya mwezi unaofuata ni 665,500. Yeye anatuma 650,000. Hapo amekwisha. Hata akifanya kazi miaka kumi, deni litazidi kukua, na shamba la kahawa linakwenda. Tofauti kati ya kijana aliyefanikiwa na familia iliyopoteza ardhi ni miezi mitatu. Dubai World iliomba sita.

Riba ya mkopo huu ni haramu, na sina haja ya kurefusha hapo, mnajua. Ninalotaka mlione ni jinsi riba ya Bwera na ucheleweshaji wa Dubai vinavyosaidiana kumbana mtu mmoja. Kuhusu mshahara, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na katika hadithi qudsi iliyopokewa na Bukhari, Allah (s.w.) anamtaja anayemwajiri mtu, akaifaidi kazi yake, kisha asimlipe, miongoni mwa watatu ambao Yeye mwenyewe atakuwa mshtaki wao Siku ya Kiama.

Kuna gharama nyingine ambayo haiingii kwenye hesabu kwa urahisi. Katika kila wakazi 10 wa Dubai karibu 7 ni wanaume, na karibu tisa katika kila kumi ni wageni ambao ukaazi wao umefungwa na kazi au mdhamini. Ili mtu amlete mke wake, anatakiwa awe na mshahara wa dirhamu 4,000, au 3,000 pamoja na nyumba. Wa dirhamu 1,000 halala na familia yake, analala na wanaume wenzake chumba kimoja, vitanda vya ghorofa. Inasimuliwa kwamba Khalifa Umar (r.a.), baada ya kumsikia usiku mwanamke akilalamikia upweke, aliamuru askari wasiwekwe mbali na wake zao kupita miezi michache. Mkataba wa kyeyo ni miezi 24. Nani kati yetu, tunapomsindikiza shemeji kwenye basi la Kampala, anauliza dada yetu ameridhia?

Ingekuwa si haki kunyamazia mazuri. Umoja wa Falme za Kiarabu umekataza kazi za juani saa sita na nusu hadi saa tisa mchana, kuanzia 15 Juni hadi 15 Septemba. Tangu 2009 kuna utaratibu wa kulipa mishahara kupitia benki ili ucheleweshaji uonekane. Sheria ya kazi iliyoanza kutumika Februari 2022 inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri na kumnyang'anya hati zake. Wapo wa kwetu waliojenga nyumba za matofali kwa fedha za Dubai, na fedha ambazo Waganda wa nje hutuma nyumbani hupita dola bilioni moja kwa mwaka. Mikopo ya asilimia 10 haikutungwa na Waarabu. Hiyo ni yetu.

Tena sisi wa Kasese hatuhitaji kupanda ndege ili kujua mji wa haraka unavyoacha deni. Reli ilifika hapa mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Watu wakaja kutoka Kigezi, Kongo na Rwanda, zikajengwa nyumba za wafanyakazi, hospitali, shule. Mapema miaka ya 1980 uchimbaji ukasimama, na baadaye reli nayo ikafa. Kampuni na faida zikaondoka. Marundo ya taka za mgodi yakabaki kando ya mto Nyamwamba, na mto ulipofurika Mei 2013, na tena Mei 2020 ukaivamia hospitali ya Kilembe, waliolipa walikuwa watu wa bondeni, wengi wao hawakuwa wamezaliwa wakati shaba inauzwa.

Basi tufanye nini, sisi tulio chuoni? Mimi naona kazi yetu ni ndogo na iko wazi, kusoma karatasi kabla ya dole gumba. Kampuni ya wakala iwe na leseni ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, na orodha ya wenye leseni inaweza kuangaliwa kwa simu hiyo hiyo tunayotazamia mpira. Anayeambiwa aende kwa viza ya matembezi "halafu kazi utaipata huko" aambiwe wazi kwamba anaingia bila mkataba. Mshahara uliotajwa kwa mdomo ulinganishwe na ulioandikwa. Na kama mkataba una Kiarabu upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, jueni kwamba mahakama ya kule hufuata Kiarabu. Miongoni mwetu wamo waliosoma madrasa miaka kumi na wanakisoma Kiarabu vizuri, lakini hawajawahi kuombwa wakisome isipokuwa kwenye khitma.

Kuhusu mkopo, misikiti yetu ina mifuko ya zaka na sadaka, na vikundi vya akina mama vinaweka akiba kila wiki. Qardhul hasan ya shilingi milioni 2 kwa kijana mwenye mkataba uliokaguliwa haishindikani. Najua wengine watasema watu hawarudishi. Baadhi hawatarudisha. Sijaona bado hesabu inayoonyesha kwamba hasara hiyo inazidi mashamba yanayopotea.

Yule mzee nilikaa naye barazani hadi Alasiri. Mkataba wa mwanawe, upande wa Kiingereza, ulisema ulinzi. Upande wa Kiarabu ulisema usafi, na mshahara ulikuwa pungufu kwa dirhamu 200. Nilimweleza polepole. Akanyamaza, kisha akauliza kama naweza kumpigia kijana simu, nimwambie mimi, kwa sababu yeye hajui aanzie wapi. Tulimpigia. Kijana alijua tayari. Alikuwa hajamwambia baba yake kwa sababu hakutaka ajute juu ya shamba.

Jumatatu tulikwenda pamoja kwa mkopeshaji, mimi, mzee, na imamu wa msikiti, kuomba muda. Alitupa mwezi mmoja.